Wakisema soko la China limefunguliwa, kilichofunguliwa ni nini?

Kila viongozi wa Tanzania na China wanapokutana, taarifa ya habari ya usiku huja na sentensi ileile: soko la China limefunguliwa. Haipiti wiki, swali linafika kwenye maghala ya vyama vya msingi Kondoa na Chemba: mbona bei ya ufuta iko palepale?

Swali hilo ni la haki, na jibu lake limefichwa ndani ya neno "soko". Mazungumzo ya kidiplomasia kuhusu biashara hubeba mambo manne yanayojadiliwa na watu tofauti, kwenye meza tofauti na kwa miaka tofauti. Kuna ushuru utakaotozwa. Kuna ruhusa ya zao lenyewe kuingia, ambayo ni kazi ya wataalamu wa wadudu na magonjwa ya mimea. Kuna usajili wa ghala au kiwanda kinachotoa mzigo. Na kuna kiasi: tani ngapi mnunuzi amejifunga kuzipokea. Ni nadra hati moja kuyabeba yote manne. Linapopatikana moja, redio hutangaza kana kwamba yamepatikana yote.

Tuanze na ushuru, kwa sababu hapo ndipo maneno yanapopotosha zaidi. Katika Shirika la Biashara Duniani, WTO, kanuni ya kwanza inaitwa kanuni ya taifa linalopendelewa zaidi. Ukilisikia jina hilo utadhani mtu amepewa kiti cha mbele. Maana yake ni kwamba ukimpunguzia ushuru mwanachama mmoja, umewapunguzia wanachama wote. Kwa hiyo "anayependelewa zaidi" ni yule anayetendewa kama kila mtu. Asiye na hadhi hiyo ndiye mwenye shida, maana yeye hutozwa viwango vya adhabu.

China inalijua hilo vizuri, kwa kuwa kuna wakati yenyewe ndiyo iliyokuwa ikiomba. Sheria ya Biashara ya Marekani ya mwaka 1974, katika kifungu kinachojulikana kwa majina ya Jackson na Vanik, ilizinyima hadhi hiyo nchi za kijamaa zilizowazuia raia wake kuhama, isipokuwa rais wa Marekani atoe msamaha wa mwaka mmoja mmoja. Marekani na China zilifungua uhusiano wa kibalozi tarehe 1 Januari 1979, na China ikapata hadhi hiyo Februari 1980. Lakini ilikuwa hadhi ya kuhuishwa kila mwaka. Ilipofika Juni, rais alipaswa kuliarifu Bunge la Marekani kwamba anaongeza mwaka mwingine, na wabunge walikuwa na nafasi ya kupinga. Kama hadhi ingeondolewa, bidhaa za China zingerudi kwenye viwango vya sheria ya ushuru ya mwaka 1930, vikubwa mara kadhaa kuliko walivyokuwa wakilipa wengine.

Baada ya mauaji ya Tiananmen ya Juni 1989, mjadala huo wa kila mwaka ukawa mkali. Rais Bill Clinton mwaka 1993 alifungamanisha hadhi ya biashara na haki za binadamu. Mwaka uliofuata, mwezi Mei 1994, akazitenganisha. Mwaka 1998 Marekani ilibadili hata jina kwenye sheria zake, ikaanza kuiita "uhusiano wa kawaida wa kibiashara", kwa sababu jina la zamani liliwafanya wananchi wadhani China inapewa zawadi. Mei 2000 Baraza la Wawakilishi lilipiga kura 237 dhidi ya 197 kuifanya hadhi hiyo iwe ya kudumu, Clinton akatia saini Oktoba, na China ikaingia WTO tarehe 11 Desemba 2001 baada ya miaka 15 ya kuomba.

Historia hiyo inatuhusu kwa jambo moja. Hadhi inayohuishwa kila mwaka ni hatamu mkononi mwa mtoaji. Mwenye kiwanda hawezi kukopa fedha za miaka 10 kwa kutegemea ruhusa ya miezi 12. Ndiyo maana China ilitumia nguvu nyingi kuuondoa huo msamaha wa mwaka, ingawa kiwango cha ushuru chenyewe kilikuwa hakibadiliki.

Sasa turudi nyumbani. Tanzania ni mwanachama wa WTO tangu 1 Januari 1995, kwa hiyo kanuni ya kutendewa kama wengine iko kati yake na China tangu mwaka 2001, bila mazungumzo mapya. Kinachojadiliwa siku hizi kiko juu ya hapo, nacho ni upendeleo wa kweli. Rais Samia Suluhu Hassan alifanya ziara ya kiserikali Beijing mwanzoni mwa Novemba 2022, na uhusiano ukapandishwa daraja kuwa ushirikiano wa kimkakati wa pande zote. Mwezi uliofuata, tarehe 1 Desemba 2022, China ilianza kuondoa ushuru kwa asilimia 98 ya aina za bidhaa kutoka Tanzania. Tarehe 1 Desemba 2024 ikafika asilimia 100, kwa nchi zote zilizo kwenye kundi la Umoja wa Mataifa la nchi zenye maendeleo duni na zenye uhusiano wa kibalozi na Beijing.

Sharti hilo la mwisho lina uzito. Eswatini ndiyo nchi pekee ya Afrika iliyobaki na ubalozi wa Taiwan, na ndiyo pekee iliyoachwa nje ya ahadi za ushuru za China kwa bara hili. Upande wa Tanzania, msimamo wa China moja, yaani kwamba Taiwan ni sehemu ya China, ni wa zamani: tarehe 25 Oktoba 1971, kura ya Umoja wa Mataifa ilipoirudishia Beijing kiti chake, balozi wetu Salim Ahmed Salim alikuwa mstari wa mbele. Kwa hiyo anayesoma taarifa ya pamoja ya viongozi asiruke aya ya China moja akidhani ni salamu. Aya hiyo ni sehemu ya malipo.

Jambo jingine la kushika: ushuru huo sifuri hatukusainiana mkataba. Ni tangazo la upande mmoja. Marekani nayo ina mpango wa aina hiyo kwa Afrika, AGOA, ulioanza mwaka 2000. Septemba 2025 muda wake uliisha, wafanyabiashara wakabaki wakilisubiri Bunge la nchi nyingine liamue. Kilichotolewa kwa tangazo huondolewa kwa tangazo.

Hesabu ya kontena moja la ufuta

Ufuta, ambao kwenye vitabu vya forodha una namba 1207.40, hutozwa na China ushuru wa kawaida wa asilimia 10. Kontena la futi 20 hubeba kama tani 19. Tuseme, kwa ajili ya hesabu tu, tani moja ni dola 1,500. Mzigo una thamani ya dola 28,500, na ushuru uliosamehewa ni dola 2,850. Kodi ya ongezeko la thamani ya China kwa mazao ya kilimo, asilimia 9, haiguswi na msamaha huo. Dola 2,565 zinalipwa kama kawaida.

Je, hizo dola 2,850 zinakwenda kwa nani? Anayelipa ushuru ni mwagizaji aliyeko Qingdao au Tianjin, kwa hiyo nafuu humfikia yeye kwanza. Itamfikia mkulima wa Chemba ikiwa tu wanunuzi wanagombania mzigo wake mnadani. Na hapo ndipo ugumu ulipo, kwa sababu Ethiopia, Sudan, Niger, Togo na Msumbiji nazo zinauza ufuta China, nazo hazitozwi ushuru. Tukiwa wote kwenye sifuri, hakuna aliyemzidi mwenzake. Nafuu ipo dhidi ya yule anayelipa, mfano Brazil. Brazil haina msamaha wa ushuru, ila Novemba 2024 ilisaini na China itifaki ya kuingiza ufuta, yaani hati ya masharti ya kuruhusu zao, na inavuna kwa mashine kwenye mashamba makubwa ya Mato Grosso. Yaani Brazil imepata ruhusa ya zao bila kupata msamaha wa ushuru, na bado ni mshindani wa kuogopwa.

Kwa maoni yetu, ubora unamletea mkulima wa Dodoma fedha nyingi kuliko asilimia hizo 10. Mikataba ya ufuta kwa kawaida hudai usafi wa asilimia 98 au zaidi na unyevu usiozidi asilimia 6 hadi 8. Ghalani, mpimaji huchoma gunia kwa bambo, chuma cha kuchukulia sampuli, sehemu tatu: juu, kati na chini, kisha humwaga punje kwenye sahani na kuzipepeta kwa kidole. Kinachobaki pembeni ndicho kinachokata bei: mchanga, vipande vya maganda, mbegu za magugu. Mchanga mwingi hutoka mahali pamoja: miganda ya ufuta iliyokung'utwa kwenye ardhi tupu badala ya turubai. Asilimia 3 za takataka kwenye kontena la tani 19 ni kilo 570, na nauli ya baharini inazilipia kama ufuta.

Meza ya wadudu

Hapa ndipo mazungumzo huchukua miaka, na hakuna kamera. Tunda au mbegu isiyo na ruhusa haiingii China hata kama ushuru ni sifuri, kwa kuwa Mamlaka Kuu ya Forodha ya China ndiyo pia inayosimamia afya ya mimea na usalama wa chakula mipakani.

Utaratibu wenyewe huanza kwa barua ya serikali kuomba zao fulani lifikiriwe. China hujibu kwa dodoso: zao linalimwa wapi, linashambuliwa na wadudu gani, dawa gani hutumika, linahifadhiwaje. Kwetu majibu hayo huandaliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA. Kisha China hufanya tathmini ya hatari ya wadudu, na dodoso lililojazwa nusu hurudishwa, foleni ikaanza upya. Baadaye hufuata ukaguzi wa mashamba na maghala, majadiliano ya masharti, na itifaki kusainiwa. Sherehe tunayoiona kwenye televisheni ni hatua hiyo. Baada yake bado kuna kusajili mashamba, maghala na vituo vya kufungashia. Soya ya Tanzania ilipata ruhusa mwaka 2020, parachichi katika ziara ile ya Novemba 2022. Zabibu mbichi ya Hombolo au Mpunguzi, au tunda jingine lolote bichi, haliwezi kukwepa njia hiyohiyo.

Masharti ya itifaki yanaweza kuua biashara iliyokwisha kusherehekewa. Kenya ilisaini itifaki ya parachichi mwaka 2019, lakini ilikuwa ya tunda lililomenywa na kugandishwa hadi nyuzi 30 chini ya sifuri. Wauzaji wengi hawakuwa na mitambo ya ubaridi huo. Ilibidi warudi mezani, na itifaki ya parachichi bichi ikapatikana Januari 2022. Karibu miaka mitatu ilipotea ndani ya sentensi moja ya masharti.

Tangu 1 Januari 2022 China pia inadai viwanda na maghala ya nje yanayoiuzia chakula yasajiliwe, na kwa makundi kadhaa, mbegu za mafuta zikiwemo, anayependekeza jina ni mamlaka ya serikali ya nchi inayouza. Usajili una ukomo wa miaka 5. Hapa makosa ni ya karani, na yanauma kuliko ya mkulima. Jina la ghala kwenye cheti cha afya ya mimea linatofautiana na lililosajiliwa kwa neno moja. Namba ya usajili haimo kwenye vifungashio. Cheti cha uasili wa bidhaa, kinachotolewa na chemba ya biashara TCCIA, kinaonyesha uzito usiolingana na hati ya shehena. Au mzigo umechanganywa na ufuta uliovushwa kutoka nchi jirani, wakati msamaha wa ushuru unataka zao liwe limelimwa Tanzania kweli. Meli ikitia nanga bandari ya nchi ya tatu njiani si kosa, ilimradi kontena halikufunguliwa na lilibaki chini ya forodha. Lakini mwagizaji lazima awe na karatasi za kuthibitisha. Akizikosa, analipa asilimia 10, na kontena linalofuata anakata bei.

Wadudu hai ndio tatizo jingine. Ufukizaji kwa gesi ya fosfini unahitaji siku kadhaa za turubai kufungwa vizuri. Anayefungua mapema kwa sababu lori limefika huua wadudu wakubwa na kuacha mayai. Safari ya baharini ni ya wiki kadhaa, na mayai hayo huanguliwa njiani.

Mbaazi: pale kiasi kilipokosekana

Kwa wakulima wa Kondoa na Babati, funzo kubwa kuhusu mazungumzo ya biashara halikutoka China. Lilitoka India, taifa jingine linaloinuka kwa kasi.

India ndiyo mnunuzi mkuu wa mbaazi duniani. Mwaka 2008 ilianzisha mpango wake wa nafuu ya ushuru kwa nchi zenye maendeleo duni, na Tanzania imo. Baada ya misimu mibaya ya mvua huko kwao mwaka 2014 na 2015, bei ilipanda sana, wakulima wetu wakapanua mashamba. Julai 2016 Waziri Mkuu Narendra Modi alizuru Afrika. Msumbiji ilisaini naye hati ya makubaliano yenye namba ndani yake: tani 100,000 kwa mwaka wa kwanza, zikipanda hadi 200,000 ndani ya miaka 5. Siku chache baadaye alikuwa Dar es Salaam, na sisi tukabaki na kauli za nia njema za kuongeza mauzo ya jamii ya kunde.

Tarehe 5 Agosti 2017 India, ikiwa imevuna kwa wingi, ilitangaza ukomo wa tani 200,000 za mbaazi kwa mwaka kutoka nje. Tangazo hilo lilikuwa na aya fupi: ukomo hauzihusu ahadi ambazo serikali ya India imezifunga kwa makubaliano na nchi nyingine. Msumbiji ikapita kwenye aya hiyo. Mbaazi za Tanzania zilikuta mlango umefungwa mavuno yakiwa mikononi, na bei ikaanguka kiasi kwamba wako waliozilisha mifugo. Ushuru wetu India haukuwa umebadilika hata kidogo. Kilichokosekana ni kiasi kilichoandikwa.

India ililegeza masharti Mei 2021, ikaruhusu mbaazi ziingie bila ukomo. Lakini ruhusa hiyo imekuwa ikiongezwa kwa vipindi, na msomaji anayekumbuka Jackson na Vanik ataitambua hatamu.

Kwa nini Dodoma haiwezi kuamua peke yake

Wengine huuliza: kwa nini tusisaini mkataba kamili wa biashara huria na China, kama Mauritius, ambao wao ulianza kutumika 1 Januari 2021? Jibu la kwanza ni Jumuiya ya Afrika Mashariki. Tangu umoja wa forodha uanze mwaka 2005 tunatoza ushuru wa pamoja kwa bidhaa za nje, ambao sasa una viwango vinne: sifuri, asilimia 10, 25 na 35. Kiwango cha 35 kilianza Julai 2022, nacho kinalinda vitu kama samani, nguo na vigae. Mkataba wa biashara huria maana yake ni kushusha viwango hivyo kwa mtengenezaji hodari kuliko wote duniani, na kama nchi moja ikishusha peke yake, bidhaa zitapitia kwake kwenda kwa jirani.

Jibu la pili liko kwenye Katiba. Ibara ya 63(3)(e) inalikabidhi Bunge kazi ya kujadili na kuridhia mikataba ambayo kwa masharti yake inahitaji kuridhiwa. Hati za makubaliano na itifaki za mazao kwa kawaida hazifiki huko, mkataba wa ushuru hufika. Novemba 2016 Bunge hapa Dodoma liliujadili mkataba wa ubia wa kiuchumi kati ya Afrika Mashariki na Umoja wa Ulaya, uliotaka tufungue asilimia 82.6 ya bidhaa zinazoingia, taratibu kwa miaka 25. Wabunge walishauri tusisaini, na hatujasaini. Kenya iliendelea peke yake, na mkataba wake na Ulaya ulianza kutumika Julai 2024.

Mjadala wa aina hiyo unaweza kurudi, safari hii kuhusu China. Juni 2025, kwenye mkutano wa China na Afrika mjini Changsha, China ilisema itaondoa ushuru kwa nchi zote 53 za Afrika zenye uhusiano nayo, na kwamba itafanya hivyo kwa kusaini mikataba ya ushirikiano wa kiuchumi kwa maendeleo ya pamoja. Neno "mikataba" halikuwekwa kwa bahati. Kanuni za WTO zinaruhusu kuzipendelea nchi zenye maendeleo duni, lakini kuipendelea Kenya au Nigeria na kuiacha Brazil au Vietnam ni kuvunja kanuni ile ya kwanza, isipokuwa kuwe na mkataba wa biashara au kibali maalumu.

Na Tanzania haitabaki kwenye kundi la nchi zenye maendeleo duni milele. Tathmini ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 ilionyesha kwa mara ya kwanza kwamba tumefikia vigezo vya kutoka, na tathmini inayofuata ni 2027. Nchi inayovifikia mara mbili mfululizo inaweza kupendekezwa kuhitimu, na hapo upendeleo uliotolewa kwa jina la kundi hukosa msingi. Kwa hiyo mkataba, wenye haki ya kudai na utaratibu wa kusuluhisha ugomvi, unaweza kutufaa kuliko tangazo. Swali ni tunachotoa.

Hati hiyo ikifika mezani, mwili wake utakuwa na maneno mazuri ya urafiki wa tangu enzi za TAZARA. Kazi iko kwenye viambatisho. Mwenye ufuta atafute mstari wa 1207.40 na aangalie kama ushuru sifuri una tarehe ya mwisho. Aangalie pia mazao yenye mgawo maalumu wa kiasi, kama mahindi, mchele, sukari na pamba: kwenye tangazo la 2024, sifuri ilihusu tani zilizo ndani ya mgawo tu, na zilizozidi zinatozwa kiwango cha kawaida. Kisha ageukie kiambatisho cha upande wetu, asome vigae, nondo na samani vitashuka hadi asilimia ngapi, na kwa miaka mingapi.